Plagi za Motokaa: Wakati wa Kuzibadili na Namna ya Kuzibadili

Katika Wilaya ya Ikungi motokaa na pikipiki si vitu vya matajiri peke yao, kama zilivyokuwa zamani za wazee wetu. Vitunguu hufika sokoni kwa gari, na alizeti hufika kwenye mashine ya kukamulia kwa gari. Mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi katika kijiji kilicho mbali na barabara kuu ya Manyoni na Singida, aghalabu hupakiwa katika gari la jirani, au juu ya pikipiki, ili afikishwe hospitali. Kwa sababu hiyo kitu kidogo kiwezacho kuisimamisha injini porini ni jambo la watu wote, wala si la madereva tu. Kitu hicho ni plagi, na leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari zake.

Kiangazi kimoja mwandishi wa habari hizi alikuwamo katika gari dogo la petroli lililokuwa likitoka upande wa Sepuka kwenda Ikungi usiku. Katika kiti cha nyuma alilala bibi mmoja mgonjwa, na mwanawe amempakata kichwa. Kila tulipoanza kupanda mwinuko injini ilipungua nguvu. Mara ikavuma vizuri, mara ikatetemeka kama mtu mwenye homa ya baridi. Hatimaye ikazimika kabisa. Dereva akazungusha starta hata betri ikachoka. Ndipo aliposema kwa uchungu, "Jamani, plagi hizi nimezinunua mwezi huu huu, tena ni mara ya pili!" Mwana wa yule bibi akamwuliza, "Na zile ulizozitoa, kaka, zilikuwaje?" Akajibu kwamba hakuziangalia, fundi alizitoa akazitupa, akatia mpya, akalipwa fedha yake.

Tulikaa kando ya njia muda wa saa nne, mpaka likapita lori la dizeli, likamchukua bibi yule. Alifika hospitali kulipokuwa kunapambazuka, naye akapona. Walakini lile swali la mwanawe ndilo swali kubwa katika habari hii yote, nasi tutalirudia mbele. Maana dereva yule hakukosa kubadili plagi. Alizibadili mara mbili. Alichokosa ni kuzitazama zile za zamani, kumbe hizo ndizo zilizokuwa na habari ya ugonjwa wa gari lake.

Kwanza tuseme plagi ni kitu gani. Ni kipande cha chuma chenye kauri nyeupe, urefu wake kama wa kidole cha mtu. Chini kina hesi za kukazia katika silinda hedi ya injini, na mwisho wake mna ncha mbili: moja imetokeza katikati ya kauri, na ya pili imepindwa kutoka pembeni ikaielekea ile ya kwanza pasipo kuigusa. Nafasi iliyoachwa baina ya ncha hizo ni ndogo. Katika pikipiki nyingi ni milimita 0.6 hadi 0.8, na katika motokaa nyingi ni 0.8 hadi 1.1. Mtu akitaka kuiona kwa macho, na atazame unene wa kadi ya benki. Huo ni karibu milimita 0.8.

Petroli iliyochanganyika na hewa huingia katika silinda, pistoni ikaishindilia, na wakati huo huo umeme huruka katika ile nafasi ndogo ukatoa cheche. Cheche huwasha mchanganyiko ule, moto ukaisukuma pistoni chini, na gari likaenda. Betri ina volti 12 tu, nazo haziwezi kuruka nafasi hiyo hata kidogo; kwa hiyo kuna koili, ambayo kazi yake ni kuzizidisha volti hizo mpaka zifike 20,000 na zaidi. Hii ndiyo sababu mtu akishika waya wa plagi wakati injini inaunguruma hupigwa na umeme hata akarushwa mkono.

Mpango huu si wa jana. Mwaka 1860 Étienne Lenoir, aliyekuwa akikaa Paris, alitumia cheche ya umeme kuwasha injini yake ya gesi. Na mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa kampuni ya Robert Bosch huko Ujerumani, alitengeneza mtambo wa sumaku wa umeme wa nguvu nyingi pamoja na plagi yake, na tangu hapo motokaa za petroli zikaenea.

Sasa mtu na afanye hesabu kidogo. Katika injini ya mapigo manne kila plagi hutoa cheche moja kwa kila mizunguko miwili, na ziko injini ambazo hutoa zaidi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, plagi moja hutoa cheche 1,500 katika dakika hiyo. Dereva akienda nusu saa kwa mwendo huo, plagi ile imekwisha kupiga cheche 45,000. Kila cheche hula chembe ya chuma isiyoonekana, na chembe hizo zikikusanyika miezi na miaka, ncha huwa butu na nafasi hupanuka. Nafasi ikipanuka, koili hulazimika kutoa volti nyingi zaidi ili cheche iruke. Itajitahidi kwa muda, kisha yenyewe itaungua. Hivyo mtu aliyeona uchungu kununua plagi hununua koili, ambayo bei yake ni kubwa kuliko hiyo.

Hapa yafaa tuwatoe baadhi ya wasomaji katika kosa moja. Injini za dizeli hazina plagi za cheche. Lile lori lililotuokoa usiku ule halikuwa na hata moja, maana dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa sana. Baadhi ya injini hizo zina plagi za kupashia joto wakati wa kuwasha, lakini hizo ni kitu kingine, na maneno yetu hayazihusu. Maneno yetu yahusu motokaa za petroli, pikipiki, bajaji, jenereta ndogo, na zile pampu za petroli zinazovuta maji ya kumwagilia bustani.

Wakati wa kubadili plagi hutegemea kwanza aina yake. Plagi za kawaida zina ncha za nikeli. Watu huziita za shaba kwa kuwa kiini chake cha ndani ni cha shaba. Hizo aghalabu hudumu kilomita 20,000 hadi 40,000 katika motokaa. Plagi zenye ncha ya platinamu au iridiamu ni ghali zaidi, lakini ncha zake ni ngumu mno, na viwanda vingi huzikadiria kilomita 100,000. Plagi ya pikipiki hudumu muda mfupi kuliko ya gari, kwa kuwa injini ndogo huzunguka kwa kasi zaidi. Hiyo na ikaguliwe kila baada ya kilomita elfu chache, kama kitabu chake kisemavyo.

Kitabu cha gari ndicho chenye amri katika jambo hili, wala si kibao cha gereji. Walakini magari mengi ya kwetu yamekuja kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na kitabu chake, kama kipo, kimeandikwa kwa Kijapani. Tena hesabu ya kilomita isomekayo katika dashibodi si ya kuaminiwa sikuzote, kwa maana wako watu wanaoirudisha nyuma. Kwa hiyo mtu akinunua gari la namna hii, heri atoe plagi zote siku za kwanza, azitazame, asome namba zilizoandikwa juu ya kauri, na aandike katika daftari tarehe na kilomita za siku hiyo. Akizikuta zimechakaa azibadili mara moja, na tangu hapo ndipo hesabu yake itakapoanza.

Mbali na hesabu ya kilomita, gari lenyewe husema. Plagi zilizochoka hulifanya lichelewe kuwaka asubuhi, litetemeke likiwa limesimama, lipungue nguvu mlimani, na linywe petroli kupita desturi. Mafundi husema injini "inamisi", yaani silinda moja inaruka zamu yake bila kuwaka. Katika magari ya siku hizi taa ya injini huwaka katika dashibodi, na fundi akichomeka mashine ya kupimia husoma namba: P0301 maana yake silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, na kuendelea. Taa hiyo ikimetameta, usiendelee na safari kwa kasi. Petroli isiyowaka katika silinda hupita ikawakia katika bomba la moshi, ndani ya kile chombo cha kusafishia moshi ambacho watu hukiita masega, na chombo hicho huwa chekundu kwa joto. Katika miezi ya kiangazi, mtu akilisimamisha gari la namna hiyo juu ya nyasi kavu, aweza kuunguza gari lake pamoja na mbuga ya jirani zake.

Sasa turudi kwa lile swali: zile ulizozitoa, zilikuwaje?

Asubuhi ile tulirudi na fundi mzee wa Ikungi, mtu mwenye maneno machache. Hakufungua mkoba wa plagi mpya. Alizitoa zile nne zilizokuwamo, akazipanga juu ya gazeti kwa taratibu, ya kwanza mpaka ya nne, kama zilivyokaa katika injini. Zote zilikuwa nyeusi tititi, zimefunikwa masizi makavu yanayotoka kwa kidole. Akazitazama kwa kitambo, akaacha plagi, akafungua sanduku la chujio la hewa. Chujio lilikuwa limeziba vumbi hata ukilikung'uta chini lilitoa rundo kama la unga wa mtama. Injini ilikuwa haipati pumzi. Petroli iliingia ya kutosha na kupita, hewa ikawa kidogo, moto ukawa wa moshi, masizi yakazifunika ncha za plagi, na umeme ukawa unapita katika masizi badala ya kuruka. Angetiwa plagi mpya mara ya tatu, nazo zingekuwa nyeusi kabla ya mwezi kwisha. Mzee yule alizisafisha zile zile, maana zilikuwa za kawaida na ncha zake bado nzima, akatia chujio jipya, gari likawaka.

Basi rangi ya plagi ina maana, na kila mwenye gari aweza kujifunza kuisoma kama asomavyo barua. Ncha yenye rangi ya kijivu au ya hudhurungi hafifu, kavu, yaonyesha injini yenye afya. Hapo mtu atazame nafasi na uchakavu tu. Masizi meusi makavu yasema petroli imezidi au hewa imepungua. Huku kwetu jambo la kwanza la kushuku ni chujio lililoziba kwa vumbi. Tena kwa pikipiki za kabureta kuna sababu ya pili, nayo ni mwinuko wa nchi yetu. Nyanda za Singida ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani huku hutoa petroli nyingi kuliko inayohitajiwa.

Weusi wenye majimaji ya mafuta ni habari nyingine, tena mbaya zaidi. Huo ni oili ya injini iliyopenya katika silinda, ama kwa ringi za pistoni zilizolika, ama kwa mipira ya valvu iliyochoka. Plagi mpya itasaidia kwa siku kadha tu, na mwenye gari na aanze kuweka akiba kwa ajili ya kuifungua injini. Ikiwa plagi imelowa nayo yanuka petroli, labda cheche haitoki kabisa, au mtu amezungusha starta kupita kiasi mpaka injini ikafurika.

Kauri ikiwa nyeupe kama chokaa, na ncha zina malengelenge au zimeanza kuyeyuka, injini imepata joto kupita kiasi. Huenda maji ya rejeta yamepungua, au hewa inaingia mahali pasipostahili, au plagi iliyotiwa si ya injini hiyo. Dalili hii isipuuzwe hata siku moja, maana kinachofuata ni pistoni kutoboka. Na ikiwa plagi tatu zina rangi ya hudhurungi na moja ni safi kama iliyooshwa, huku maji ya rejeta yanapungua pasipo kuonekana yanapovujia, fundi na aishuku gasketi ya silinda hedi katika silinda ile. Ni kwa ajili hii plagi zipangwe kwa taratibu zinapotolewa. Zikichanganywa katika kopo, ushahidi wote umepotea.

Iko alama moja inayowatia watu hofu bure. Mara nyingi nje ya kauri, karibu na ile sehemu ya chuma inayoshikwa na spana, huonekana duara la rangi ya kahawia. Wako mafundi wanaosema kwamba hapo moto wa injini unavuja, plagi imekufa. Sivyo. Ni chembe za vumbi na mafuta zilizovutwa na umeme zikagandamana na kauri, wala haziidhuru kazi yake. Lakini mstari mwembamba mweusi unaoshuka juu ya kauri kwa urefu wake si sawa na duara hilo. Huo ni njia ya umeme uliotoroka kwa nje, na hapo plagi ibadiliwe pamoja na kofia yake ya mpira.

Katika kununua, mtu asiseme dukani, "Nipe plagi za Toyota," wala, "Nipe plagi ya bodaboda." Plagi hutofautiana unene na urefu wa hesi, nafasi, na tabia yake ya joto. Tuchukue mfano wa D8EA ya kampuni ya NGK, inayotumiwa na pikipiki nyingi za cc 125: herufi D yaonyesha hesi zenye upana wa milimita 12, namba 8 ni tabia ya joto, na E ni urefu wa hesi, milimita 19. Plagi yenye hesi fupi kuliko iliyoagizwa haitafikisha cheche mahali pake. Yenye hesi ndefu huenda ikagongwa na pistoni, na hapo injini imekwisha.

Hiyo tabia ya joto ndiyo inayowachanganya watu wengi. Ncha ya plagi yataka iwe na joto la kutosha kujichomea masizi yake, kiasi cha sentigredi 500, lakini isizidi karibu 850, maana ikizidi hapo itauwasha mchanganyiko yenyewe kabla ya cheche. Plagi inayokaa na joto lake huitwa ya moto, na inayolitoa upesi huitwa ya baridi. Kwa NGK na Denso, namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume chake, namba kubwa ni ya moto zaidi. Basi muuza duka akikwambia, "Chukua hii, namba zinalingana," na kampuni ni mbali mbali, usikubali mpaka aonyeshe katika orodha ya kulinganishia. Tena ikiwa katika jina la plagi ya zamani mna herufi R, kama BPR6ES ya pampu nyingi ndogo za maji, na mpya nayo iwe na R. Hiyo ni alama ya kizuizi cha ndani kinachozuia kelele za umeme zisiharibu redio, na katika magari ya sasa zisiivuruge kompyuta ya injini.

Plagi za bandia ziko nyingi madukani, na sanduku lake laweza kufanana na la halali kama pacha. Tazama maandishi juu ya kauri kama yamenyooka na hayafutiki kwa kidole. Tazama kama ncha ya pembeni imeelekea katikati sawasawa. Na washa ya chuma ikianguka yenyewe ukiigeuza plagi, shuku. Bei iliyo ndogo kupita kiasi nayo ni dalili. Omba risiti, maana Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, hupokea mashtaka ya bidhaa bandia, lakini mwenye kushtaki bila risiti ana kazi ngumu.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Zima gari na uliache lipoe kabisa, ikiwezekana usiku kucha. Silinda hedi nyingi ni za aluminiamu, na ukiifungua plagi ingali moto, hesi za aluminiamu hutoka pamoja nayo. Ondoa waya wa betri wa upande wa hasi. Kisha fanya jambo ambalo kwa nchi ya vumbi kama Ikungi ni la lazima, nalo husahauliwa kuliko yote: baada ya kutoa koili au kofia ya plagi, na kabla ya kuilegeza plagi, puliza shimo lake mpaka liwe safi. Penye kompresa, tumia kompresa. Pasipokuwapo, pampu ya baiskeli yatosha. Mchanga uliokaa katika shimo hilo utaanguka ndani ya silinda mara plagi itokapo, na huko utaukwaruza ukuta wa silinda kama msasa. Funika macho yako unapopuliza.

Koili au kofia ishikwe kichwani mwake na kuzungushwa kidogo kushoto na kulia, ndipo ivutwe, usivute waya. Ikiwa gari lina waya za plagi, fanya moja kwanza uimalize ndipo uende kwa nyingine, usije ukazirudisha kwa kupishana. Tumia spana ya plagi yenye mpira ndani, ile inayoishika kauri isidondoke. Ilegeze plagi kidogo, na ikiwa nzito usiilazimishe: tia mafuta mepesi ya kulegeza kutu, ngoja, irudishe ndani kidogo, kisha itoe tena.

Kabla ya kutia mpya, pima nafasi ya ncha kwa vile vijibamba vyembamba vya chuma vyenye namba. Ikihitaji kurekebishwa, pinda ncha ya pembeni tu, polepole. Ile ya katikati usiiguse. Plagi za iridiamu na platinamu zisigongwe wala zisisuguliwe kwa brashi ya waya au msasa, kwa kuwa ncha yake ni nyembamba kama sindano nayo hukatika upesi. Plagi yoyote iliyoanguka sakafuni isitiwe katika injini, hata kama haionyeshi ufa. Kauri huweza kupasuka kwa ndani.

Chukua kipande cha mpira wa petroli, kivike juu ya kichwa cha plagi, uiteremshe shimoni na kuizungusha kwa vidole. Hesi zikiwa zimekaa sawa, plagi itaingia kwa wepesi mpaka mwisho. Zikiwa zimepishana, mpira utateleza mkononi na plagi itakataa. Hapo itoe, anza upya. Asiyekuwa na subira, akaishika spana tangu mwanzo, hukata hesi mpya kando ya zile za zamani, na gharama ya kuzitengeneza hupita bei ya plagi kumi.

Ikisha kufika mwisho kwa vidole, ndipo spana ikaze. Aliye na spana yenye kipimo cha nguvu, kwa plagi ya milimita 14 yenye washa akaze nyutoni mita 25 hadi 30, na kwa ile ya milimita 12 akaze 15 hadi 20. Asiyekuwa nayo, na ahesabu mzunguko: plagi mpya yenye washa izungushwe nusu mzunguko, na ile ya milimita 14 yaweza kufikishwa theluthi mbili, wala isizidi hapo. Plagi iliyokwisha kutumika, ikirudishwa na washa yake ya zamani, haihitaji ila sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko, yaani mwendo wa mshale mfupi wa saa kwa saa moja tu. Ile isiyo na washa, yenye shingo iliyochongoka, hutosheka na robo ya robo ya mzunguko. Vijana wenye nguvu huona haya kukaza kidogo hivi. Wao hukaza mpaka spana ilie. Plagi iliyokazwa kupita kiasi huvunjika shingo au huharibu hesi, na iliyolegea nayo haitoi joto lake vizuri, ikaungua. Wala usipake grisi kwenye hesi ukidhani unasaidia: plagi nyingi za sasa zimekwisha kupakwa madini ya kuzuia kutu kiwandani, na grisi huteleza ukakaza kupita kipimo pasipo kujua.

Rudisha koili au kofia mpaka usikie imekaa, rudisha waya wa betri, washa. Injini ikiendelea kumisi katika silinda ile ile, usinunue tena. Hamisha koili ya silinda hiyo kwenda kwa jirani yake na upime: kosa likihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu. Lakini usifuate ile desturi ya kuchomoa kofia moja moja injini ikiwa inaunguruma. Umeme wa volti maelfu mengi hauchagui fundi, na koili zenyewe huharibika. Vivyo hivyo anayejaribu cheche kwa kuigusisha plagi kwenye chuma cha injini, asiishike kwa mkono mtupu, na asifanye hivyo karibu na tundu la plagi lililo wazi au kopo la petroli, maana mvuke wake huwaka kwa cheche moja.

Plagi ulizozitoa usizitupe siku hiyo. Zifunge katika karatasi, kila moja na namba ya silinda yake, uandike tarehe na kilomita, uziweke ndani ya gari pamoja na spana ya plagi. Fundi wa Singida au wa Manyoni ambaye hajaliona gari lako hata siku moja atajua habari zake za mwaka mzima kwa kuzitazama, na zile zilizo nzima bado zaweza kukufikisha nyumbani usiku, ikiwa mojawapo ya mpya itakufa njiani.